Gugu la mkia wa nge kwenye kingo za majaruba: ni dawa, ni malisho au ni sumu?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nalima mpunga Ifakara, ekari mbili na nusu. Nina mbuzi tisa, maksai wawili, kuku na mizinga michache. Tangu maji yapungue, kingo za majaruba zimejaa gugu lenye majani yaliyokunjamana na maua madogo ya zambarau iliyopauka, yamejipanga kwenye kikonyo kilichojikunja kama mkia wa nge. Mbuzi wanalidonoa na sijaona aliyekufa. Mama mkwe hukamulia majani yake jicho la mtoto likiwa jekundu, mengine huyachemsha kwa ajili ya kikohozi. Jirani anasema ni sumu, niling'oe lote. Nimsikilize nani, na nikitaka kuliondoa nifanyeje?

Jibu: Marahaba. Jirani yako yuko sahihi kwamba ni sumu, na wewe umeona sawa kwamba mbuzi hawajafa. Gugu hili haliui kama mhogo mchungu unavyoua, mtu akala mchana na usiku akawa mahututi. Linafanya kazi yake kwa wiki na miezi. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chenyewe hapa ni ini.

Kwanza tuhakikishe tunazungumzia mmea mmoja. Kwa maelezo yako ni Heliotropium indicum, mmea wa msimu mmoja wa familia ya Boraginaceae. Mringaringa nao kwa desturi huhesabiwa humo, ingawa siku hizi baadhi ya wataalamu wameigawa familia hiyo vipande na kuuweka kila mmoja kwake. Shuka jarubani uchukue mche mmoja mkononi. Shina limesimama, kwa kawaida kati ya sentimita 15 na 60, na limejaa vinyweleo vinavyokwaruza. Jani ni la umbo la yai lenye ncha, urefu wake sentimita 3 hadi 10 na zaidi kidogo penye rutuba. Mishipa imezama kiasi kwamba uso wa jani unaonekana umefinyangwa, na ukingo wake unapinda kama wimbi. Ukilisugua linatoa harufu nzito isiyopendeza.

Sasa tazama kikonyo cha maua, maana ndicho kinachoamua kila kitu nitakachosema baadaye kuhusu palizi. Maua yamekaa upande mmoja tu, safu mbili mbili, kila ua lina upana wa milimita 4 au 5. Yanaanza kufunguka chini, na kadiri yanavyofunguka mkunjo wa juu unajinyoosha. Kwa hiyo kikonyo kimoja kinabeba umri tatu kwa wakati mmoja: nchani kuna vitumba vilivyojikunja, katikati maua yaliyo wazi, na chini mbegu zilizokomaa. Pitisha kidole gumba kutoka chini kwenda juu. Zile punje ngumu za milimita 2 hadi 3 zinazobaki kiganjani, zenye mifuo na zilizopasuka mara mbili kama kofia yenye ncha, ndizo mbegu. Mkulima akiona bado linatoa maua husema muda upo. Muda umekwisha zamani.

Mmea unaochanganywa nalo sana ni Stachytarpheta, ambao nao una kikonyo kirefu na maua ya bluu au zambarau. Kikonyo chake kimenyooka kama fimbo tangu mwanzo hadi ncha, maua yamechomekwa humo moja moja, na jani lina meno ukingoni. Kisichojikunja nchani si huyu tunayemzungumzia.

Sumu yenyewe ni kundi la alkaloidi (kemikali ambazo mmea hujitengenezea) zinazoitwa pirolizidini. Zikiwa ndani ya jani hazina ukali mkubwa. Zinageuka kuwa hatari zikifika kwenye ini, kwa sababu ini, likijitahidi kuzivunja ili zitoke mwilini, linatengeneza kitu kikali kinachoshikamana na protini na vinasaba vya seli za ini lenyewe. Seli zinazozungushia mishipa midogo ya damu ndani ya ini zinaharibika, mishipa inaziba, damu inakosa njia, na maji yanavuja tumboni. Sumu yenyewe hutoka kwenye mkojo ndani ya siku chache. Kidonda kinabaki. Dozi inayofuata inaongeza kidonda juu ya kidonda, na ndiyo maana kauli ya "tumekula miaka yote na hatujafa" haithibitishi chochote.

Kukauka hakuiondoi sumu hii. Kuchemsha ndiko kubaya zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya alkaloidi hizo huyeyuka kwenye maji. Ukichemsha majani ukanywa maji yake, umekunywa ile ile sehemu uliyopaswa kuimwaga.

Mbuzi wako wamenusurika kwa sababu mbili. Hawalipendi, wanadonoa tu. Pia tumboni mwao, kwenye rumeni, kuna bakteria wanaovunja alkaloidi hizi kabla hazijafika kwenye ini. Mbuzi na kondoo wanastahimili mara nyingi kuliko ng'ombe, lakini kustahimili si kinga. Australia waliliona hili kwa kondoo waliochungwa kwenye binamu yake, Heliotropium europaeum, ambalo nalo ni la msimu mmoja. Msimu wa kwanza kondoo walionekana wazima. Msimu wa pili wakaanza kufa, wengine kwa sababu ini lililojeruhiwa lilikuwa linalimbikiza madini ya shaba hadi siku moja yakamwagika kwenye damu kwa ghafla. Kwa hiyo kama una kondoo waliokwishakula gugu hili, usiwalambishe chumvi ya madini iliyotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe. Ina shaba nyingi kuliko wanavyoweza kubeba.

Ninaowahofia zaidi hapo kwako ni maksai. Ng'ombe, farasi, punda na nguruwe ni wepesi kudhurika. Machungani ng'ombe atalikwepa kama kuna nyasi, ila kiangazi humpi nafasi ya kuchagua: unamtupia majani makavu ya mpunga yaliyofyekwa pamoja na magugu ya ukingoni. Gugu likikauka harufu ile nzito inapungua, naye anakula tu. Kabla ya kufunga marobota au kurundika malisho, pitia ukingo wa jaruba kwa mkono. Rundo lenye mikia hii mingi, choma. Usimpe mnyama yeyote kwa hoja kwamba ni kidogo, kwa sababu atakipata hicho kidogo kila siku kwa miezi mitatu.

Dalili kwa ng'ombe huja zimechelewa, mara nyingine miezi baada ya kuacha kulila. Anakonda ingawa anakula, manyoya yanasimama bila kung'aa, anaharisha huku akijikamua mpaka utumbo wa nyuma unachungulia, macho na ufizi vinakuwa vya manjano, ngozi nyeupe inaungua juani. Wengine hutembea ovyo au kusukuma kichwa kwenye ukuta. Akifika hapo hakuna dawa ya kumrudishia ini. Mwite afisa mifugo kwa ajili ya kuthibitisha, hasa kwa sababu minyoo ya ini inaweza kufanana na hali hiyo na yenyewe inatibika, kisha okoa waliobaki kwa kubadilisha malisho.

Halafu kuna kuku. Watu wengi wakishapepeta, makapi na mbegu za magugu zilizobaki kwenye ungo huwamwagia kuku. Kwa magugu mengi ni jambo zuri. Kwa hili si zuri: kuku hudhurika haraka, na alkaloidi hizi zimewahi kukutwa kwenye mayai ya kuku waliolishwa nafaka yenye mbegu za mimea ya familia hii.

Nije kwa mama mkwe, na hapa nakuomba uende kwa heshima, maana hajabuni. Mmea huu umetumika kwa macho, vidonda na kikohozi Afrika, Asia na Amerika ya kitropiki kwa muda mrefu. Hata hospitali za Marekani zilijaribu alkaloidi yake moja, indisini N-oksaidi, kwa wagonjwa wa saratani ya damu kwenye miaka ya 1970 na 1980. Ilifanya kazi kiasi kwa baadhi yao, lakini iliharibu maini kiasi kwamba majaribio yaliachwa. Hoja hiyo huwa inaeleweka kwa wazee kuliko kusema tu "ni sumu": mmea una nguvu kweli, na nguvu hiyo ndiyo inayoharibu ini.

Chai ya kikohozi iache kabisa, na ya mtoto ianze kuachwa leo. Mtoto ni mdogo wa uzito, na ini lake hujeruhiwa kwa kiasi ambacho mtu mzima asingekitambua. Usitafute kipimo salama cha kijiko au majani mangapi. Kiasi cha sumu hutofautiana kati ya mche na mche, kati ya jani changa na kuukuu, na vikonyo vya maua na mbegu kwa kawaida huzidi majani. Mama mjamzito na anayenyonyesha wasiinywe pia. Alkaloidi hizi hufika kwa mtoto tumboni na kwenye maziwa.

Kwa jicho tatizo kubwa si ini. Ni uchafu. Utomvu uliokamuliwa kwa vidole, kutoka kwenye jani la ukingo wa jaruba lenye vinyweleo, unaingiza vijidudu na kukwaruza jicho ambalo tayari limeumia. Jicho jekundu la mtoto lisafishwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kisha apelekwe zahanati. Jani juu ya ngozi nzima isiyo na jeraha halipitishi sumu nyingi. Juu ya kidonda kibichi linapitisha, na usilifunge hapo.

Kama mtoto amekwishakunywa chai hiyo mara nyingi, tazama tumbo. Dalili za mwanzo ni tumbo kuvimba ndani ya siku au wiki chache, maumivu chini ya mbavu za kulia, uzito kupanda ghafla huku mikono ikikonda, na mkojo kupungua. Macho ya manjano yanaweza kuja baadaye au yasije. Mpeleke hospitali na uchukue mche mzima kwenye mfuko, ukiwa na maua yake. Sema wazi ni chai gani, kwa muda gani. Katika maeneo ya mpunga, tumbo la maji daktari atalifikiria kichocho kwanza, na ana haki. Usipotaja chai hana njia ya kuijua.

Hatari ambayo hukuiuliza, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote, ni mbegu kuingia kwenye chakula. Tajikistan, wilaya ya Farkhar, vita ya wenyewe kwa wenyewe ilichelewesha mavuno ya ngano ya mwaka 1992 kwa takriban miezi miwili. Magugu ya jamii ya Heliotropium yakapata muda wa kukomaa katikati ya ngano, yakavunwa nayo, yakasagwa nayo. Baada ya wiki kadhaa za kula mkate huo watu walianza kuvimba matumbo. Walioorodheshwa kuugua walikuwa 3,906. Miaka ya 1970 ilitokea vilevile Gulran, Afghanistan, kwa gugu jingine la jenasi hiyohiyo: kati ya watu kama 7,200 waliochunguzwa, zaidi ya mmoja kwa kila watano alikuwa na dalili za ini kuumia. Karibu nasi, huko Tigray nchini Ethiopia, vijiji viliugua kwa alkaloidi za aina hii mwanzoni mwa miaka ya 2000, na aliyeshukiwa huko alikuwa Ageratum conyzoides, gugu la familia nyingine kabisa ambalo huku kwetu nalo limejaa.

Wewe hulimi ngano, lakini kanuni ya Farkhar ni ileile: mavuno yakichelewa, gugu linakomaa. Wiki moja kabla ya kukata mpunga, zunguka kingo na mabaka yaliyokauka mapema, ng'oa kila mkia unaouona na uutoe nje ya shamba. Dakika arobaini za kazi hiyo zina thamani kuliko kupepeta kokote, kwa sababu punje ya mpunga na mbegu hii hazitenganishwi vizuri kwa chekecheke. Upana wao unakaribiana. Mahindi na maharage ni rahisi, chekecheke la matundu ya milimita 4 linadondosha mbegu zote. Ulezi ndio mtihani, na kwa ulezi wa kununua sokoni njia ni kuuchambua kidogo kidogo kwenye ungo mweupe juani. Usipige mpunga kwenye ukingo wenye gugu hili; tandika turubai katikati ya jaruba.

Mizinga. Nyuki hulitembelea kwa nekta na chavua, na alkaloidi hufika kwenye asali kwa kiasi kidogo na kwenye chavua kwa kiasi kikubwa zaidi. Asali ya familia inayotokana na miti na mazao mchanganyiko haina la kukutisha. Ninachokushauri ni usivune asali wakati gugu hili ndilo ua pekee lililo wazi, na usikusanye chavua ya kuuza kipindi hicho. Umoja wa Ulaya tangu Julai 2022 umeweka kikomo cha mikrogramu 500 za alkaloidi hizi kwa kilo ya chavua, hivyo mnunuzi wa nje atapima. Ukitazama jioni utaona na vipepeo wa rangi ya chungwa wenye ncha nyeusi wakining'inia kwenye miche iliyonyauka, siyo kwenye maua. Hao ni madume ya Danaus chrysippus. Wananyonya alkaloidi kutoka kwenye mmea uliokufa ili watengeneze manukato ya kuwavutia majike, na ndege wakiwaonja wanawatema.

Kuliondoa si kazi ngumu kama ile ya kukimbiza ndago. Halina kiazi wala shina la chini. Linaishi kwa mbegu tu. Ukizuia mbegu misimu mitatu hivi mfululizo, utaona tofauti, ingawa zilizokwishalala ardhini hazioti zote kwa pamoja, hivyo mwaka wa kwanza usikate tamaa.

Palilia likiwa na majani manne hadi sita, karibu wiki mbili au tatu baada ya kuota, kwa mkono au jembe, na hakikisha mzizi mkuu umetoka. Udongo ukiwa na unyevu unatoka wote kwa kuvuta mara moja. Vaa glovu au funga mfuko mkononi, kwa ajili ya vinyweleo. Kufyeka sikupendekezi: likikatwa juu huchipua matawi ya chini, na yale yanatoa mikia mifupi iliyolala chini ya panga, ambayo utaipita mara ya pili bila kuiona. Ndani ya jaruba lililosawazishwa, maji ya kina cha sentimita 5 hadi 10 baada ya mpunga kushika yanalizuia kwa sehemu kubwa, kwa kuwa hupenda tope lililoachwa wazi na maji. Mahali lilipojaa katikati ya mpunga, ujue hapo pana mwinuko. Sawazisha msimu ujao.

Dawa ya kupulizia iwe ya mwisho. 2,4-D ya amini inaliua likiwa changa. Kwa ile ya gramu 720 kwa lita, kiwango cha kawaida kwenye mpunga ni karibu lita 1 kwa hekta, yaani kama mililita 75 kwa bomba la lita 15 ukiwa unatumia lita 200 za maji kwa hekta. Kibandiko cha chupa yako kikisema tofauti, fuata kibandiko. Piga mpunga ukiwa unatoa machipukizi, wiki tatu au nne baada ya kupandikiza, na usiguse ukikaribia kubeba mimba. Usipulize kukiwa na upepo kama jirani ana nyanya, maharage au pamba. Kosa linaloniudhi ni kupulizia magugu yaliyokwishatoa mikia: dawa inainama na mmea, lakini mbegu za chini zimeshakomaa na zinadondoka vilevile.

Na ukishapulizia, funga mbuzi na maksai. Mmea wenye sumu ulionyong'onyea kwa dawa huwa mtamu zaidi kwa mnyama, na lile ambalo jana alilikwepa leo analila. Waweke mbali mpaka liwe limekauka na kuoza, si chini ya wiki mbili au tatu.

Ulichong'oa kikiwa hakijatoa maua kinaweza kuachwa juani juu ya ukingo, mizizi juu. Chenye mikia kiweke kwenye gunia palepale, usikiburute, kisha kichome au ukifukie shimo la nusu mita. Usikitumie kama matandazo kwenye bustani ya mboga au michaichai. Utafiti uliofanywa Ujerumani kwa magugu mengine yenye alkaloidi hizi umeonyesha kwamba yakioza juu ya udongo, sumu inaingia ardhini na kunyonywa na mimea iliyo jirani. Na kwa kuwa tumefika bustanini: kama kuna mtu kwenu amepanda komfrei kwa ajili ya sungura au kwa kula kama mboga, nayo ni ya familia hii na ina alkaloidi za kundi lilelile. Kwenye sufuria haina nafasi.